Mkono wa Kushoto wa Feza

Toronto, 11 Januari 1998

Kwa mdogo wangu Amandine,

Nakusalimu wewe na mwanangu Feza kutoka nchi hii ambako hata machozi yanaganda. Sijui kama barua ya Krismasi ilifika huko kambini. Kama haikufika, habari ni hii, na umsomee Feza kwa sauti: nimekubaliwa. Sasa mimi ni mkimbizi mwenye karatasi, na mwenye karatasi anaruhusiwa kumwita mtoto wake.

Miezi kumi na mitano, Amandine. Niliondoka Uvira kwa wiki tatu tu, kuja kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, na begi moja na kitenge cha kuimbia. Nilikuambia, "Nishikie Feza, nitamletea viatu." Kabla sijarudi vita vikaingia, nanyi mkakimbilia Tanzania bila mimi. Kila asubuhi nawaogesha wazee wa watu, nawakunjia shuka, halafu najiuliza mimi ni mama wa namna gani.

Sasa tatizo ni ushahidi. Wanataka nionyeshe kwamba Feza ni wangu. Cheti chake kiliungua na nyumba, na ile hospitali ya misheni ya Waswidi alikozaliwa nayo imechomwa pamoja na madaftari yake. Anayenisaidia anaitwa Shabnam, mama wa Kiismaili mzaliwa wa Mwanza, anawajazia wakimbizi fomu katika ofisi moja hapa mtaani kwetu Rexdale. Kiswahili chake kinatuacha mbali mimi na wewe. Amesema nisikate tamaa, nitafute chochote, hata barua, hata foto.

Jambo lingine dogo. Kuna bibi Mswidi ninayemhudumia, anaitwa Astrid, ana miaka tisini na mikono yake haitulii, anafuma tangu asubuhi. Amesema atamfumia Feza glavu. Nikamweleza vile vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto, vilivyoshikana tangu alipoungua na uji. Anataka kipimo. Mlaze Feza mkono wa kushoto juu ya karatasi, uuzungushie kalamu, unitumie.

Najua ninakuumiza. Mimi naongea habari za glavu na wewe umemzika binti yako Nabintu. Hapa kanisani tulimwombea, nikalia hadi wakanitoa nje. Nabintu alikuwa mwanangu kama Feza alivyo wako, unajua hivyo. Feza akifika huku, nitahangaika na wewe pia, mimi dada yako mkubwa sitakuacha peke yako na kaburi.

Yaya wako,
Donatienne

* * *

Kambini, Kasulu, 22 Februari 1998

Kwa yaya wangu Donatienne,

Barua zote mbili zimefika siku moja. Pasta Josué alizileta mwenyewe kutoka posta ya mjini. Tumemshukuru Mungu kwa karatasi zako.

Ndani ya bahasha utakuta foto mbili ndogo za fomu. Usishtuke kwamba kichwa kimenyolewa, ni kwa ajili ya chawa, watoto wote hapa wamenyolewa. Amekonda kidogo lakini hana ugonjwa. Na mkono nao umechorwa. Amechora mwenyewe, ndiyo maana umepinda.

Yaya, nauliza tu: ni lazima watafute ushahidi mwingi hivyo? Hawawezi kuamini neno la mama? Usiende ukawasha mambo makubwa ambayo yatawafanya watazame sana. Mtoto ameshaandikwa kwenye kadi ya chakula kwa jina la Feza, binti wa Donatienne. Naona hiyo ingetosha.

Ni mtoto mwema. Anaamka kabla yangu, anawahi foleni ya maji, na akipewa biskuti shuleni anakuja nayo nusu. Ukimpata utampenda.

Uniombee. Sina la zaidi.

Mdogo wako,
Amandine

* * *

Toronto, 5 Aprili 1998

Kwa Amandine, mdogo wangu mwenye kichwa kigumu,

Eti nitampenda! Mimi niliyemzaa kwa siku mbili nzima! Foleni ya maji imekuchosha akili. Na ule mkono ni wa kulia, vidole vitano vimeachana vizuri kabisa. Bibi Astrid ameutazama akacheka. Nimekuomba wa kushoto. Hata hivyo foto nimezibusu mpaka zimelegea. Anafanana na mama yetu sasa, sikuliona hilo zamani.

Lakini kaa, nikuhadithie. Nimempata Feza! Nimempata katika jumba la Waswidi!

Bibi Astrid ndiye aliyenielekeza. Kuna jumba la kale katikati ya mji, la mawe, lina mnara na ngazi ya mbao iliyochongwa mashetani na matunda. Alilijenga Mswidi mmoja aliyetajirika kwa mbao, na warithi wake wakaliacha liwe makumbusho ya watu wa kwao. Nilikwenda Jumamosi na Shabnam. Mlangoni walituvalisha soksi za kitambaa juu ya viatu ili tusikwaruze sakafu. Sebuleni kuna jiko la vigae vyeupe linalogusa dari. Nikamwuliza mama mtunzaji, mzee mwenye miwani shingoni, wanapika nini humo. Akasema hawapiki, wanaota moto. Jiko kubwa hivyo la kuota tu!

Chumba kingine wamechora kuta nzima Yesu na wanafunzi wake, wote wamevaa makoti marefu na kofia za Waswidi. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Halafu nikanusa kitu. Chini walikuwa wanaoka mikate ya iliki. Ile ile ya Mama Birgitta, nesi wa misheni, aliyokuwa akitugawia Jumapili tukitoka kuimba! Shabnam akaniuliza nina nini.

Nikamtaja Mama Birgitta kwa yule mtunzaji. Akavua miwani. Kumbe alipostaafu alihamia huku kwa kaka yake, akafa mwaka 1994, na masanduku yake yote yako juu, kwenye vyumba vya zamani vya watumishi. Tukapandishwa. Amandine, kuna mwiko wa ugali umefungiwa ndani ya kabati la kioo, na bado una alama ya kuungua! Nilitaka kuuliza nani ameachwa anasonga kwa mkono.

Tukafungua sanduku la foto. Za arusi, za ubatizo, za wagonjwa. Shabnam alizipekua kutoka upande wake na mimi upande wangu. Nikajiona. Nimekaa kwenye lile benchi la zahanati, nimefunga kilemba, na Feza yuko mapajani, ana miaka miwili, amenyanyua mkono wa kushoto kama anayeapa. Vidole vile viwili vinaonekana wazi. Nyuma ya foto Mama Birgitta ameandika kwa Kiswidi, na mtunzaji akatusomea: "Donatienne na binti yake. Vidole viwili vimeungana baada ya kuungua. Machi 1991."

Nilipiga magoti palepale kwenye zulia la watu. Nilipiga kelele, Amandine, wageni wengine wakakimbilia mlangoni kuona nani amekufa.

Wametupa nakala yenye mhuri wa jumba. Shabnam hakulala juu ya jambo hilo. Jumatatu ameituma Nairobi kwa afisa wa uhamiaji anayeshughulikia faili letu, na barua juu yake: utakapofika kambini usihangaike na maswali, tazama mkono wa kushoto wa mtoto, utajua mama yake ni nani. Amesema hajawahi kuwa na ushahidi safi kama huu.

Mwambie Feza viatu vipo tayari. Mwambie asifiche tena ule mkono chini ya nguo kama alivyozoea, ndio utakaomleta.

Yaya wako mwenye furaha,
Donatienne

* * *

Kambini, Kasulu, 3 Mei 1998

Yaya,

Usisome barua hii ukiwa kazini. Kaa chini kwanza.

Nabintu hakufa. Aliyekufa ni Feza.

Ilikuwa surua, Januari ya mwaka jana, tukiwa hatuna hata mwezi mmoja tangu tufike. Walilala wote wawili kwenye turubai moja. Nabintu alitoka, Feza hakutoka. Siku ya tatu aliniuliza wiki tatu ni siku ngapi. Nikamwambia ishirini na moja. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akachoka. Alikufa siku ya nne, asubuhi, nimemshika mimi.

Sikuweza kukuandikia. Kila nikianza, kalamu inasimama kwenye jina lako. Halafu karani wa kambi akaja na daftari la marehemu, akaniuliza jina la mtoto. Sitasema sikufikiri, yaya. Nilifikiri. Nilijua uko kwenye nchi yenye amani, na kwamba siku moja utapata ruhusa ya kumwita mtoto. Mtoto wa kuitwa alikuwa amelala pale amefunikwa. Na wangu alikuwa hai, hana wa kumwita. Nikataja jina la Nabintu.

Kwetu mtoto wa dada ni mtoto. Wewe mwenyewe umeandika hivyo. Nilijiambia siibi kitu, nakupa. Nilijiambia atakapofika huko utamtazama, utajua, utalia, halafu utampa chakula, maana wewe ni mama yake mkubwa na huwezi kumrudisha. Nilikuwa tayari nibaki hapa bila hata mmoja.

Nimemfundisha mwaka mzima. Sasa nikimwita Nabintu haitiki.

Lakini ile foto. Yaya, kwa nini ulikwenda kwenye lile jumba? Mkono wa mtoto huyu hauna alama yoyote.

Amandine

* * *

Toronto, 2 Juni 1998

Amandine,

Nimepokea.

Ulinifanya nimlilie mtoto aliye hai na nimnunulie viatu aliyekufa. Mwaka na nusu nimekuwa nikimwombea afya kaburini. Nimebusu foto za mtoto mwingine. Ni adui gani amewahi kunidhuru kama wewe ulivyonidhuru?

Usiniandikie.

Donatienne

* * *

Kambini, Kasulu, 25 Juni 1998

Yaya,

Umenikataza kuandika, naandika.

Afisa wa Nairobi anakuja tarehe 11 Agosti. Jina la Feza limebandikwa kwenye ubao. Watu wananipongeza njiani.

Nakuomba jambo moja, kisha uninyime salamu maisha yote. Mwambie Shabnam aandike kwamba Feza alipasuliwa vidole vikaachanishwa. Aseme kulikuwa na daktari wa Waswidi. Nani atabisha? Hospitali imeungua, na Mama Birgitta amekufa. Ni wewe tu na ile foto mnaojua.

Sijui kama nikuambie lililobaki. Nitakuambia, sina mwingine. Jana nilichemsha maji, nikamwita mtoto. Nikamwambia, lete mkono wa kushoto. Akaleta. Hakuuliza kwa nini, amezoea kufanya ninayosema. Aliunyoosha akageuza uso pembeni. Yaya, sikuweza. Nimeyamwaga maji nje, nikajifungia. Lakini siku zimebaki arobaini na saba, na mimi simwamini tena Amandine huyu.

Nisaidie.

Mdogo wako

* * *

Toronto, 19 Julai 1998

Amandine,

Usimguse mtoto. Nimempigia pasta Josué simu pale parokiani ili akufikie kabla ya barua hii, na amesema Nabintu atakaa kwa mke wake mpaka utulie. Mwache akae. Nami nimekaa saa nzima na barua yako, nikiona ule mkono ulionyooshwa. Kama ungefanya lile, ningekulaani kwa jina la mama yetu.

Sasa nisikilize, kwa kuwa hata mimi sina usafi wa kukuhubiria. Barua yako ilipofika sikumwendea Shabnam. Nilikwenda kwenye jumba la Waswidi kuiiba ile foto.

Nilifikiri hivi: nakala ya Nairobi si kitu, ni kivulivuli cha mashine, wataitaka ile yenyewe. Wakija kuitafuta wasiikute, nami nitasema vidole vilipasuliwa, nani atabisha? Unaona, tulifikiri lilelile mimi na wewe, sisi watoto wa tumbo moja. Nikavaa koti lenye mfuko wa ndani, na ni Julai, jasho linanitiririka. Yule mtunzaji alinikumbuka. Alinipandisha juu, akanipa sanduku, akasema anashuka kuniletea kahawa. Aliniacha peke yangu, Amandine. Wanaamini watu, Waswidi hawa. Nikaiweka foto ndani ya koti.

Akarudi na kahawa, mkate wa iliki na kalamu ya risasi. Akasema, "Nilikuwa nakusubiri urudi. Nyuma ya ile foto kuna jina lako tu. Mtoto hakuandikwa jina. Tungependa kuliandika. Anaitwa nani? Na yuko wapi sasa?"

Lilikuwa swali rahisi. Ningesema anaitwa Feza, yuko Tanzania, anakuja. Nilikuwa nimelisema hilo mara mia, kazini, kanisani, ofisini. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Amekufa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka. Sikulitamka kwa Kiswahili wala mbele ya ndugu. Nilimwambia kikongwe wa watu, kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, juu ya mkate wa iliki. Halafu nikalia kama nilivyotakiwa kulia Januari ya mwaka jana. Nikaitoa foto kwenye koti mbele ya macho yake. Aliona. Aliilaza juu ya meza, akanipa kalamu.

Nimeandika kwa mkono wangu: Feza, 1989–1997. Ni hapo tu duniani alipoandikwa kwamba aliishi na kwamba amekufa. Kwenye daftari la kambi yenu amekufa mtoto mwingine.

Ndipo nikajua kwamba siwezi. Nikimleta Nabintu kwa jina la Feza, lazima nikafute nilichoandika. Na yeye atakuwa akiitwa kwa jina la marehemu mpaka azeeke, na mimi nikimwita kula nitakuwa namwita mwanangu aliye ardhini. Ni nani angeweza kuishi katika nyumba hiyo?

Nimemwambia Shabnam yote. Alikasirika, ana haki, ni jina lake lililoko chini ya ile barua. Kisha akafunga mlango wa ofisi akalia na mimi. Tumeandika Nairobi kwamba mtoto wangu amekufa na ombi langu nimeliondoa. Afisa hatakuja tarehe 11. Ubaoni watalifuta jina. Watu watakucheka, uvumilie.

Lakini kuna njia nyingine. Makanisa ya huku yanaruhusiwa kuwaomba wakimbizi, kundi la watu watano linaweka sahihi na kuwapokea. Nimesimama mbele ya kanisa letu la Rexdale, kanisa lilelile lililomwombea marehemu asiye marehemu, nikawaeleza. Wengine walitoka nje. Watano wamebaki. Wanaomba wawili: Amandine na binti yake Nabintu. Mama na mtoto, pamoja, kwa majina yenu. Shabnam hataki nikudanganye: labda ni miaka miwili, labda mitatu, labda watakataa. Kwa uwongo angekuja mmoja, haraka, na wewe ungebaki. Kwa ukweli sijui atakuja nani. Nimechagua hivyo na ninaogopa sana.

Sharti langu ni moja. Nenda kwa karani wa kambi ukamfufue mwanao. Najua watakuadhibu, watakukatia chakula. Nenda.

Sijakusamehe. Nikisema nimekusamehe nitakuwa naandika barua za uwongo kama zako. Lakini ulimshika Feza ile asubuhi, na mimi sikuwepo. Hilo nalo sitalisahau.

Bibi Astrid alikuwa amekwisha kufuma glavu moja, ya kushoto, yenye kidole kimoja kipana cha kuingiza vile vidole viwili. Alikisia tu. Nimeiweka kwenye lile sanduku juu ya foto, na mtunzaji ameiandika kwenye orodha yake.

Mwambie Nabintu anichoree mikono yake. Yote miwili. Na aweke jina lake.

Yaya wako,
Donatienne

* * *

Kambini, Kasulu, 4 Oktoba 1998

Kwa Mama mkubwa,

Mimi ni Nabintu. Mama amesema nianze na hilo.

Shikamoo. Mimi ni mzima, mama ni mzima, ila amepungua. Tulikwenda kwa karani na pasta Josué. Karani alifungua daftari akaweka kidole akasema, huyu amekufa. Nikamwambia hapana, ni mimi. Akaniambia nirudie, nikarudia. Aliandika muda mrefu. Mama amenyimwa kadi mwezi mzima, tunakula kwa mke wa pasta.

Mwanzoni watu wakiniita Nabintu sikugeuka. Sasa nageuka.

Tulikwenda kule kwenye kaburi tukang'oa kibao cha zamani, kilikuwa na jina langu. Kipya nimeandika mimi. Nimeandika FEZA herufi kubwa. Mama akasema niongeze BINTI WA DONATIENNE, ikaenea vizuri.

Mama mkubwa, tulipokuwa tunakimbia Feza alinishika kwa mkono wa kushoto. Vile vidole viwili vilikuwa na nguvu kuliko vyangu. Nilitaka ujue.

Hii hapa ni mikono yangu. Nimechora wa kushoto mimi, na wa kulia amenichorea mama. Nimehesabu vidole, viko kumi. Mwambie bibi Astrid asifumue glavu ya Feza ili apate uzi. Mimi nitasubiri yangu.

Nabintu